Fahali Aliyegoma Kutoka Zizini

Asubuhi hiyo Mwalimu Titus alikuwa hakaliki. Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu, nyuma ya soko la Kakamega, limebeba wazito wengi, lakini mguu wake ulilitikisa mpaka kahawa za wenzake zikamwagika. Saa nane angefundisha ile sura ya riwaya ya zamani ambapo mzee amefariki, fahali wake anatakiwa kupelekwa kaburini kumuaga, naye analala zizini akikataa kuinuka. Mwana wa marehemu akiona hivyo, ndipo analia kwa mara ya kwanza. Titus aliisoma mara nne tangu alfajiri. Baba yake mwenyewe walimzika kijijini Malinya wiki mbili zilizopita, na hajatoa chozi wala kurudi nyumbani. Kila kitu alimwachia mama, hata fahali wa mzee. Simu ikalia. Mama tena. Akainyamazisha.

—Huyo fahali anaashiria nini? akawauliza.

Khaemba, aliyewahi kuwa tarishi kortini na sasa anaitwa Wakili, hakungoja.

—Ni shamba. Mzee hakuandika wosia, fahali ameweka pingamizi. Hatoki mpaka kesi isikizwe.

—Wewe kila kitu ni kesi, akasema Makhanu, fundi mwenyewe, anayeitwa Profesa kwa kusoma magazeti ya kufungia viatu. Huyo ni sisi raia. Tunatolewanga nje kila uchaguzi tupigane. Sasa tumechoka, tumelala.

—Na kijana analia nini? akauliza Titus.

—Si ndiye mgombea.

Titus hakucheka. Simu ilitetemeka mfukoni.

—Profesa, acha mchezo. Nina darasa.

—Basi sikia. Fahali ni mzee mwenyewe. Roho ilihama. Hiyo sanduku ilienda chini bure.

—Kumbe walizika nani? Wakili akaweka kikombe chini. Hapo kaburi ifunguliwe kwa amri ya korti.

—Na fahali aapishwe.

Titus aliandika "roho" daftarini, akaikata. Wakati huo Awinja, muuza nyasi za nepia za kulisha ng'ombe, alikuwa ametua mzigo wake kando ya benchi, akisikiliza.

—Pole nikiuliza, Mwalimu. Tangu huyo mzee afe, nani alikuwa anakatia ng'ombe nyasi?

Titus akarudisha kurasa za riwaya nyuma, kutoka mazishi hadi kifo. Watu walikuja, chakula kikapikwa, ngoma zikapigwa. Hakuna aliyekata hata konzi moja ya nyasi.

Simu ikatetemeka. Safari hii akaipokea.

—Mama, ng'ombe wa baba amekula?

—Nani amkatie, Titus? Mimi na huu mguu? Leo siku ya pili amelala tu. Si ndio nakupigia.

Hapo machozi yakamtoka mbele ya watu wote, na hakuyafuta. Alimwomba Awinja amtwike mzigo wote, vivyo hivyo akiwa na shati lake jeupe na tai.

—Na darasa? akauliza Wakili.

—Nitawafundisha kesho. Wacha kwanza akule.