Mgeni Aliyewasalimu Watu wa Basi

Benchi letu liko Zaragoza, Hispania, mbele ya baa ya Nieves, pale ukuta unapokata upepo wa kaskazini. Kila asubuhi Nieves hutuletea kahawa kwenye bilauri ndogo, nasi tunakaa kubishana. Redio aliendesha malori miaka thelathini, na tangu astaafu hajazimika. Kanali ni mama aliyekuwa mpishi wa shule. Mpaka leo ukibakiza kitu atakuuliza kwa nini. Mimi wananiita Miwani. Wa nne wetu ni Askofu, aliyepewa jina hilo kwa kutocheka hovyo, na ilikuwa wiki ya tatu hajaonekana. Jumanne hiyo mzee mmoja mwenye bereti na viatu vya tope kavu akaja, akakaa mahali pake.

— Hapo pana mwenyewe, mzee, — Kanali akasema. — Lakini kaa tu. Umetoka mbali?

— Torrealba, kule milimani. Nimeamka alfajiri kuwahi basi. Naitwa Eutimio. Binti yangu Maricruz anataka nihamie kwake, nikamwambia acha niuone mji kwanza. Akitoka kazini saa nane tunakula, nampa jibu.

— Na mji umeuonaje? — Redio akauliza.

— Mkubwa.

Akaiweka bereti yake sawa.

— Nimeshuka stesheni, nikapanda basi la hapa mjini, nikawasalimu. Hakuna aliyeitika. Mama mmoja akaukumbatia mkoba wake.

Kanali alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Sasa mzee wangu, unasalimia basi zima, unagombea kiti cha ubunge?

— Kwetu kijiji kizima tuko thelathini na mmoja, mama. Usipomsalimu mtu, jioni anakuja kukuuliza amekukosea nini. Halafu nikaenda kuacha jibini kwa binti yangu. Kwenye lifti bwana mmoja akaangalia dari, mimi nikaangalia viatu vyake. Ghorofa saba. Viatu vizuri.

— Utazoea, — Redio akasema. — Mji una raha zake. Hospitali karibu, mkate moto mara mbili kwa siku, na nyumbani joto linatoka ukutani, hukati kuni.

— Na upepo? Mwambie na upepo. Unang'oa meno.

— Kanali, usimtishe mgeni.

— Upepo naujua, — Eutimio akasema. — Kinachonisumbua ni kimoja. Kule nisipofungua dirisha la jikoni saa moja, saa mbili jirani yangu Benita yuko mlangoni ananiita. Hapa nani ataliona dirisha langu?

— Sisi hapa, — Redio akajibu haraka. — Kijiwe hiki ukikosa siku moja unatafutwa.

— Huyu mwenye mahali hapa mmeshamtafuta?

Redio akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

— Askofu? Askofu yuko pwani. Wastaafu wanapelekwa kwa bei poa, wanakula, wanacheza dansi.

— Dansi na goti lile? — Kanali akadakia. — Acha hizo. Huyo ameoa. Yule mjane wa duka la nyuzi. Hamkuliona lile shati jipya?

— Mtu akioa anajificha? — Redio akauliza.

— Akioa kwa umri ule, ndiyo.

— Basi nikwambie mimi. Ameshinda bahati nasibu. Ukishinda kubwa unahama kimya kimya. Saa hizi yuko Ajentina anafuga farasi.

— Kwa goti lile.

— Farasi ndiye anayetembea, mama.

— Haya, basi huko huko Ajentina ndiko alikooa.

Nilikuwa nacheka nao. Kisha nikaona kwamba kila mzunguko tulikuwa tunampeleka mbali zaidi, pwani, ng'ambo ya bahari, na nikajua sababu. Karibu ndiko kulikotutisha, nyumbani kwake, nyuma ya mlango uliofungwa. Sidhani kama tulikuwa wabaya. Tulikuwa waoga tu, kama watu wengi.

Eutimio alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akauliza:

— Nyumba yake ni ipi?

Hatukuijua. Miaka kumi na miwili tumekunywa naye kahawa. Tunajua haweki sukari, tunajua goti ni la kushoto, tunajua jina lake Baltasar. La ukoo hatukuwahi kuuliza.

— Huwa anatokea kona ya famasia, — nikasema.

— Basi twende kona ya famasia.

— Mzee, yale majengo yana watu mia tatu, — Redio akasema. — Na binti yako je?

— Atasubiri. Na mimi bado sina jibu la kumpa.

Tulikwenda. Kwenye famasia walikataa kutaja habari za wateja, na sikuwalaumu. Mlango wa kwanza ulikuwa na vitufe vya kengele ishirini na vinne, namba tupu, bila majina. Redio akashauri tungoje kesho, pengine atatokea mwenyewe. Eutimio akabonyeza kitufe cha juu kabisa.

Ilichukua muda. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka kwenye matundu ya ukutani, kali kidogo, ya mtu aliyekatizwa kazi zake:

— Nani?

Redio akarudi nyuma hatua moja.

Eutimio akavua bereti, akainamia matundu.

— Majirani, — akasema.