Nyota Moja Mlangoni kwa Fundi

Benchi lilikuwa la mbao nzito, limeegemea ukuta wa duka la kushona, na kila aliyetaka kuingia kwa fundi ilibidi apite mbele ya magoti ya waliokaa. Wao walijihesabu waungwana, maana walikuwa wanavuta miguu ili mtu apite. Upande wa mlango alikaa Spika, mchora mabango mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake, sauti ambayo haikujua kunong'ona. Benchi lilitengenezwa na marehemu mdogo wake, na fundi mwenye duka alikuwa mjane wa huyo mdogo wake. Tangu msiba uishe, Spika alikuja kila asubuhi na birika la kahawa, akakaa hapo, ili watu wajue shemeji yake hayuko peke yake duniani. Hakuna aliyemtuma, na kazi hiyo aliipenda kuliko hata ile ya mabango. Fundi naye, kwa shukrani, aliwashonea mito ya kukalia kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki.

Lakini wiki hizi mbili tatu cherehani ilikuwa kimya. Spika aliusikia ukimya ule mgongoni, kupitia ukutani, na ulimkosesha raha. Jana yake shemeji alikuwa ametamka neno la kufunga duka na kwenda kushonea nyumbani.

— Ni ile nyota, alisema Betri, fundi wa simu, ambaye kwa kazi yake hiyo aliaminiwa katika mambo yote ya mtandao. Mtu anatafuta fundi kwenye simu, anakuta duka limepewa nyota moja. Ungekuwa wewe ungekuja?

— Nyota moja si bora kuliko giza? aliuliza Daktari. Huyu alikuwa muuza dawa za panya, na udaktari wake uliishia hapo.

— Zinatolewa tano, Daktari. Moja ni matusi.

— Na ameandika nini huyo mtu? Spika akauliza.

— Ameandika, "Fundi ni mzuri, ila..."

— Ila nini?

— Hapo panakatika. Unatakiwa ubonyeze usome zaidi, na bando langu liliishia hapo hapo kwenye ila. Lakini mimi nimezoea maoni haya. Nikishaona ila, mengine nayajua.

Spika alimimina kahawa. Alishamuuliza shemeji yake juzi, na shemeji akajibu, "Mambo ya wateja tu, shemeji," kisha akainamia kitufe ambacho hakikuwa na shida yoyote.

— Basi tuseme ukweli, alisema Betri. Hiyo ni kazi ya yule fundi wa mtaa wa pili, mwenye cherehani ya umeme. Amemtuma mtu.

— Hajatuma mtu, alisema Daktari. Nyota zinagawiwa na mashine. Ipo mahali, kwenye chumba chenye baridi, haijawahi kuvaa nguo, na ndiyo inayoamua nani anajua kushona. Isipopewa chochote muda mrefu inanuna, inamshukia yeyote.

— Inapewa nini?

— Sifa. Inakula sifa.

Betri alicheka, lakini Spika hakucheka. Alikuwa amepata wazo.

— Basi tuilishe. Kila mmoja achukue simu ya mkewe, aandike sifa. Nyota tano tano. Mpaka jioni ile moja imezama.

— Andika wewe, una mwandiko.

— Mimi nitajifanya nani?

— Bibi harusi! alisema Daktari, na hapo hapo akasafisha koo na kuilegeza sauti. "Mimi ni bibi harusi. Gauni alilonishonea fundi huyu lilinikaa mpaka mama mkwe akalia."

— Akalia kwa furaha, aliongeza Spika. Lazima useme. Watu wabaya.

— Kinyozi wa kule kona alifanya hivyo hivyo, alisema Betri. Siku moja akaamka na sifa chungu nzima, zote zinasema "huduma safi sana, Mungu akubariki kinyozi." Hata bibi yake mzaa mama, ambaye hana nywele, alimsifu kwa mtindo. Zikafutwa zote. Na zile mbili za kweli alizokuwa nazo zikaondoka na mafuriko.

— Basi tumjibu huyo mwenye nyota, alisema Spika. Kwa ukali. Tumwandikie kwamba kama anaona kushona ni rahisi, akajishonee.

— Na tumshitaki, alisema Daktari.

— Kwa kosa gani?

— Kwa kusema ila.

Mwanamke mmoja alitokea upande wa pili wa barabara, gauni lililokunjwa mkononi. Watatu hao wakanyamaza kwa pamoja, wakamtazama anavyokuja. Alipokaribia, Daktari akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

— Huyo anakuja kuongezewa kiuno. Nyumbani wanakula vizuri.

Mwanamke alisimama kana kwamba amekumbuka jiko alilowasha, akageuka, akarudi alikotoka.

— Mnaona! alisema Spika kwa uchungu wa kweli. Kafika mpaka hapa, kageuka. Habari za ile nyota zimeenea. Wanamuua shemeji yangu mchana kweupe.

Walikunywa kahawa yao. Spika alitazama bango lililo juu ya mlango, alilolichora mwenyewe kwa rangi ya buluu mwaka duka lilipofunguliwa, akawaza kwamba siku ya kulishusha ataomba mtu mwingine alishushe. Yeye hataweza.

Hapo ndipo alipokuja mgeni. Alikuwa muuguzi, bado amevaa sare ya kazini, na sare yenyewe ilimbana mabegani na kumpwaya kila mahali pengine. Alisimama hatua chache kutoka kwao, simu mkononi, akatazama bango, kisha akawatazama wao.

— Hamjambo wazee wangu.

— Hatujambo, mwanangu. Karibu, fundi yumo.

— Asante. Samahani, ninauliza tu. Hili ndilo lile benchi?

— Benchi lipi?

— La kwenye maoni.

Betri alimtazama Daktari. Daktari aliutazama mfuko wake wa dawa. Muuguzi akamsogezea Spika simu, na Spika, ambaye maisha yake yote kilichoandikwa alikisoma kwa sauti, akakisoma kwa sauti.

— "Fundi ni mzuri, ila kumfikia ni kazi. Mlangoni kuna benchi la wanaume. Nilipopita walinyamaza, nilipoingia wakaanza, na pazia si ukuta. Nikiwa napimwa nilimsikia mmoja akisema..."

Sauti ilishuka. Kwa mara ya kwanza mtaa ule ulimsikia Spika akinong'ona.

— "...akisema kwa mwili wangu huu fundi aagize kitambaa cha mahema. Gauni limenikaa vizuri sana. Sirudi."

Aliikumbuka ile siku. Walicheka sana siku ile, hadi Betri akamwaga kahawa. Utani wa mahema ulikuwa wake mwenyewe.

— Kazini tunataka kushonewa sare mpya, muuguzi alieleza taratibu, bila ugomvi. Wenzangu wamemchagua fundi huyu kwa sababu hata aliyemkasirikia amesema anashona vizuri. Ila wamenituma nije nione kwanza. Tupo wengi, baba, na wengine ni wanene. Sasa nikirudi nikawaambie nini?

Betri alifungua simu ya mteja na kuifunga tena. Daktari, mwenye neno kwa kila jambo, alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kikombe.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

— Karibu ndani, dada.

— Uliyasoma lini haya, shemeji? aliuliza Spika.

— Siku ile ile.

— Na kila asubuhi unatutolea mito.

— Ndiyo, shemeji.

— Mbona hukuniambia?

— Ningeanzaje?

Alilisema bila lawama, na ndiyo maana lilimwingia. Spika aliona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni. Alikuja kumlinda mke wa mdogo wake, na kwa muda wote huo alikuwa amekaa mlangoni akimfukuzia riziki.

Alisimama, akaweka birika chini, akashika benchi upande wake.

— Betri, shika huko. Daktari, simamisha ile baiskeli inayokuja, tupite.

Walilivusha mpaka upande wa pili wa barabara, chini ya ukuta wa ghala. Lilikuwa zito, marehemu hakuwa mtu wa mbao nyepesi. Walipoliweka, lilielekea duka moja kwa moja. Spika alilitazama likiwa hivyo, akatikisa kichwa, wakaligeuza likaangalia ukuta.

— Sasa huku tutaona nini? Daktari akauliza.

— Ukuta.

Wakakaa. Nyuma yao cherehani ilikuwa bado haijaanza, lakini walisikia pazia likivutwa na fundi akimwambia muuguzi anyanyue mikono. Betri aliomba kutoa wazo moja dogo tu, kuhusu jibu la kuandika chini ya ile nyota. Spika akamwambia mwenye duka ataandika mwenyewe.

Na kweli aliandika. Betri aliliona jioni, alipopata bando, akamsomea Spika: "Samahani sana, dada. Benchi limehama. Karibu tena."

Lakini kabla ya hapo, kahawa ikiwa imeshapoa na birika limebaki ng'ambo, Spika alisikia hatua nyuma yake. Hakugeuka, alishajikataza kugeuka.

— Inukeni kidogo, shemeji, alisema fundi. Mmesahau mito.