Ng'ombe Waliozungushiwa Moto

Hapo Garsen, pale barabara ya Lamu inapoachana na ile ya Hola, kuna gogo ambalo mafuriko ya El Nino yalilibeba kutoka huko juu yakalitupa kando ya duka la dawa za mifugo, na tangu hapo limekaliwa na watu wasio na kazi ya maana. Chande aliweka jiko lake pembeni, akawa anapika kahawa chungu na wao wanapika maneno. Asubuhi hiyo ya Agosti mwaka 1999 wakaaji walikuwa watatu. Kulikuwa na Sadik, aliyeitwa Bibisi kwa sababu redio haimtoki sikioni na kila habari huijua yeye kabla haijatokea. Kulikuwa na mzee Barnabas, Mpokomo wa Ozi, aliyeitwa Karani kwa kuwa alistaafu kazi ya posta. Wa tatu alikuwa Huka, mfugaji Muorma, na yeye walimwita Dakta. Ng'ombe akiota uvimbe, Huka huletwa na chuma chake. Chuma kikiiva motoni huuzungushia uvimbe duara la kuchoma, usitambae. Kijiwe kizima kilimsifu kwa hilo. Kitu ambacho kijiwe hakikujua ni kwamba miezi miwili iliyopita alimzungushia duara lile lile mkewe, Hawo, kwenye titi la kushoto.

Karani ndiye aliyeanza, akatoa bahasha kubwa mfukoni. Mpwa wake Buya, anayechunguza saratani huko ng'ambo, ameandika kazi yake ikachapishwa kwenye jarida la madaktari wakubwa. Ametuma nakala, na barua ya Kiswahili ya kuifafanua.

— Hebu tuone, alisema Bibisi, akaishika karatasi kwa vidole viwili kama nepi. Majina kumi na moja. Watu kumi na mmoja kwa uvimbe mmoja.

— La Buya ndilo la kwanza, alisema Karani.

— Kuwa wa kwanza kati ya kumi na mmoja si cheo, ni foleni.

— Na huo uvimbe ni wa nani? aliuliza Chande.

Karani alikohoa kidogo.

— Wa panya.

Wakacheka mpaka Chande akamwaga kahawa kwenye makaa. Aliyecheka zaidi alikuwa Huka.

— Mtoto wa Ozi, alisema Huka, kina mama wameuza mchele wao apate nauli, kumbe anaenda kutibu panya. Panya wamemaliza mahindi yetu tangu mafuriko, sisi tunatafuta sumu, yeye anawatafutia dawa.

— Ngojeni nisome basi, alisema Karani, na akasoma kwa sauti ile ya posta. «Mjomba, watu hudhani saratani ni ule uvimbe tu. Sisi tumetazama kilicho pembeni yake: nyama ya jirani, mishipa ya damu, na askari wa mwili wanaotakiwa kuulinda. Tumeona uvimbe haukui peke yake. Hao walio pembeni ndio wanaoulisha, na wengine wanauficha askari wasiuone.»

— Imekwisha? aliuliza Bibisi.

— Bado.

— Maana mimi naona imekwisha. Miaka kumi na minne darasani, aje atuambie uvimbe una majirani. Hata mimi nina majirani, na hakuna aliyeniandika.

— Mimi nimemwelewa, alisema Chande. Anasema habari za chifu. Chifu peke yake hana kitu. Ni wale wanaokaa barazani kwake wakila naye, hao ndio wanaomnenepesha.

— Wacha siasa, bwana, alisema Bibisi. Mimi nitawaambia yanakotoka haya mambo. Ni yale mahindi ya manjano tuliyodondoshewa na helikopta wakati wa mafuriko. Nani aliyejua uvimbe hapa kabla ya mahindi ya manjano?

— Mahindi ya manjano nimeyala tangu njaa ya themanini na nne, alisema Karani.

— Na angalia ulivyozeeka.

Bibisi alikwishapata moto.

— Tena hata msijisumbue na hospitali. Mwaka elfu mbili ukiingia, kompyuta zote duniani zinakwama, redio imesema. Na hawa madaktari uvimbe wanausomea kwenye kompyuta. Zikikwama, na uvimbe unakwama. Kila mtu atapona hapo alipo. Imebaki miezi mitano, mtu akapoteze nauli kwa nini?

Huo ulikuwa ujinga mtupu, na Huka alijua. Lakini hilo la kungoja miezi mitano alilipenda. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia ampeleke Hawo Mombasa, na ampeleke mapema. Huka akamjibu kwamba mke wake amekwishatibiwa.

— Huyu Buya, alisema Huka, angekaa hapa kwenye gogo wiki moja tungempunguzia masomo. Uvimbe hauchomwi katikati, unachomwa pembeni. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Ndilo analolisema yeye, ila kwa Kizungu na kwa watu kumi na mmoja.

— Sasa hapo umesema, alisema Bibisi. Dakta ameandika kazi yake kwenye ngozi za ng'ombe, Buya ameandika kwenye karatasi. Msomi nani?

Sifa ile ilimwingia Huka vizuri. Ilikuwa siku nyingi hajajisikia hivyo, akataka na barua nayo imuunge mkono.

— Soma mbele, Karani.

— «Mjomba, kilichotushangaza ni hiki. Uvimbe unaishi kama kidonda kisichopona. Mwili ukiona jeraha huleta damu, huleta chakula, huotesha nyama mpya. Uvimbe ulio jirani unapora vyote hivyo. Kwa hiyo waambie watu wa nyumbani, wakiona uvimbe wasiuzungushie moto, maana kuchoma nako ni jeraha. Waende hospitali.»

Huka aliweka kikombe chini.

— Hospitali nako si wanakata? Kukata si jeraha?

— Wanautoa wote, alisema Karani, halafu wanafuatisha dawa. Wewe unauacha pale pale, halafu unaujengea boma.

— Porojo. Huyo mpwa wako amechoma ng'ombe wangapi? Mimi nimepita mia. Mia, nakwambia, na mkono wangu huu.

Alikuwa amekasirika kweli, na hasira yenyewe haikuwa ya Buya. Duara la Hawo lilikuwa bado bichi, halitaki kufunga. Uvimbe uliokuwa kama kokwa ya tende sasa ulikuwa umefika ndimu. Asubuhi ile ile alimwona akijifunga leso kwa mkono mmoja, ule wa kushoto haunyanyuki tena. Huka akatoka kuja kunywa kahawa.

— Ng'ombe mia, alisema Bibisi. Andika hiyo umpelekee Buya na panya wake.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja amesimama karibu na jiko, kikombe mkononi. Jina lake Nurto, ana kiduka huko Bangale. Alikuwa abiria wa basi la Malindi lililosimama ng'ambo ya barabara likingojea askari wa kulisindikiza, maana majambazi wa njiani hawakuwa mchezo miaka ile. Mazungumzo yote alikuwa ameyasikia.

— Samahani wazee. Nina ng'ombe wangu nyumbani, ana kivimbe shingoni. Hao mia waliozungushiwa moto, walipona?

Karani akakunja barua. Wakamgeukia Dakta wao.

Huka alitaka kujibu. Akamkumbuka mtamba mweupe wa Shurie, aliyepelekwa mnadani kidonda kikiwa kibichi. Akamkumbuka fahali wa Liban, aliyechukuliwa na wachinjaji wa Malindi wiki ile ile aliyochomwa. Akaenda nyuma, mwaka kwa mwaka, ng'ombe kwa ng'ombe. Ng'ombe mwenye uvimbe huuzwa haraka, nani asiyejua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa akaonekana.

— Tuliwauza, alisema.

— Wote?

— Wote, mama.

— Walipona, alisema Bibisi, ila huko walikokwenda.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nurto alitikisa kichwa taratibu, bila dharau, akamalizia kahawa yake.

Huka alibaki akitazama mikono yake. Kati ya wote aliowachoma, aliyebaki nyumbani akaonekana ni Hawo peke yake. Akainuka.

— Mama, basi lenu linaondoka saa ngapi?

— Askari wakifika. Wanasema saa nne.

— Lina nafasi?

— Zipo. Unataka moja?

— Mbili.

— Unaenda kumchoma nani huko Malindi, Dakta? aliuliza Bibisi.

— Usiniite hivyo. Tunapita tu, tunaenda Mombasa. Karani, niazime hiyo barua.

Karani akampa bila kuuliza. Huka aliipachika ndani ya shati, akapiga hatua mbili kuelekea nyumbani, kisha akarudi kwa yule mama.

— Tafadhali mwambie dereva asituache, alisema. Mke wangu siku hizi anatembea polepole.