Kilemba cha Ndoto

Ndugu wa Rabai, majirani wa Ndia Kuu, na nyote mliotoka kazini mkaacha sufuria mekoni, salamuni. Mimi ni Menza, shemeji yake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na dada yangu Mapenzi, mjane wake, amenikanya mbele za watu nisichekeshe, nami nimemkubalia, ila marehemu mwenyewe hakukubali kitu, basi tutaona nani atashinda.

Baya wa Kenga alizaliwa Rabai mwezi wa Machi mwaka 1872, mtoto wa tatu wa mzee Kenga na mama Mbeyu, akasoma shule ya misheni hapo hapo tangu 1880 hadi 1886, akajifunza kusoma, kuandika na kulala amesimama, maana mwalimu wake alisema hajaona mtoto ambaye macho yake yako wazi na mwenyewe hayupo.

Mwaka 1895 alivuka kuja kisiwani Mombasa, akasukuma toroli la abiria kwenye reli za mji, hadi tarehe 4 Mei 1898 alipoandikwa kazi ya mezani katika hoteli ya Bwana Lobo, hapa Ndia Kuu. Wenzangu wa kazi mwaijua desturi: mgeni akiingizwa kazini, mshahara wake wa kwanza wote humpa nyapara aliyemwingiza, na hicho ndicho kilemba. Marehemu alimpa nyapara wake, Mzee Abdulhalim, yule aliyeketi pale mbele, na mwezi ule mzima akawa apita na sahani za kuku huku akiota sima.

Tarehe 9 Februari 1901 alimuoa dada yangu Mapenzi, wakajaliwa Kenga mwaka 1902 na Mbeyu mwaka 1905.

Mwaka 1904 Mzee Abdulhalim alipumzika kazi, Baya akawa nyapara. Siku hizo reli imeshafika bara, hoteli za huko zalipa mara mbili ya Mombasa, wapishi na maboi wakapanda gari la moshi na aproni zao viunoni, na Bwana Lobo, ambaye kuongeza rupia moja kwake ni kama kung'olewa jino, akamwambia Baya apate watu sita kabla meli ya Agosti haijatia nanga, akikosa atoke yeye. Baya akatangaza kwamba hatozi kilemba, kila mtu ale mshahara wake wa kwanza na wanawe. Mwadhani watu walimiminika? Hakuja hata paka. Kule Majengo wakanong'ona, "Nyapara asotaka kilemba ataka nini?" na wengine wakaapa kwamba ni hila ya kuwapeleka watu bara wakabebe mataruma ya reli.

Mzee Abdulhalim akamwendea, akamwambia, "Mwanangu Baya, wawatisha watu. Toza kitu, chochote, wapate kulala."

Baya akaketi kwenye ngazi za jikoni, macho wazi na mwenyewe hayupo, chai ikapoa mkononi, kisha akarejea na jibu: kilemba chake ni ndoto, kila atakaye kazi alete moja ya kweli, aisimulie hadi mwisho, na akishaisimulia si yake tena, ni ya nyapara.

Basi wakaja, mlango haukutosha. Oloo aliota ziwa la kwao limekuja kumtembelea, likaketi kitandani likaomba maji ya kunywa. Kioko aliota mamake apepeta nyota kwenye ungo, chuya zikianguka zikawa kuku. Mimi niliota toroli limepaa juu ya mapaa ya makuti, lamwaga mchele polepole, mji wote umenyamaza wasikiliza, na Baya akaniambia, "Shemeji, hii ni ya mishahara miwili, sina chenji." Meli ilipofika tulikuwa sita mezani, kanzu nyeupe, na Baya akabaki na kazi yake. Kilemba cha fedha je, kimekwisha mjini? Hakijaisha, na baadhi yenu mliopo hapa naona mwatazama viatu.

Tangu Novemba 1912 alishikwa na kifua, akalazwa, akarudishwa nyumbani, na tarehe 17 Juni 1913, saa nne asubuhi, akatutoka. Siku chache kabla, Mapenzi alimuuliza kama bado huota. Akasema usingizi wake umejaa ndoto za watu, yake ni moja tu: ameketi mezani, kitambaa cheupe mbele yake, mtu ameinama amuuliza, "Bwana atapenda nini?" na kila mara huamka kabla hajajibu.

Familia yawashukuru daktari na wauguzi wake, majirani waliotuletea uji na kuni, wafanyakazi wenzake, na Bwana Lobo, aliyefunga chumba cha kulia leo na jino halikung'oka.

Shemeji, huko uendako u mgeni. Nyapara wa mlangoni akikudai kilemba, mpe ile yako moja, na umsimulie hadi mwisho. Pumzika kwa amani, Baya, safari hii hatukuamshi mpaka ujibu.