Mgeni Rasmi wa Pili

Kwenye foleni ya abiria wa kwenda Bungoma, steji ya Kitale, Mama Nabwile aliacha kulalamikia miguu yake ili awasikilize vizuri wafanyakazi wawili wa mradi wa maji waliosimama mbele yake.

“Jepchumba, kazi ya kualika mgeni rasmi ilikuwa yetu sote. Mbona uliitolea nakala kwenye orodha yetu ya kompyuta?”

“Si ndiyo kila ofisi iwe na yake, Wakoli? Nilipomwalika askofu, nikaweka alama kwamba imefanyika.”

“Kwa nakala yako, bana! Yangu iliendelea kusema hajaalikwa, nikamwalika DC. Sasa kesho kwenye uzinduzi wa maji Sirisia, nani atahutubu mwisho kama mgeni rasmi?”

Mama Nabwile, mkaaji wa Sirisia, aliamua kesho kubeba uji, maana hotuba zingekuwa ndefu.

Gari likafika. “Mpigie askofu umwombe radhi,” Wakoli akasihi.

Jepchumba akapanda. “Wangu alialikwa kwanza. Simwombi mtu radhi.”