Stika ya Jirani Yangu wa Dawati

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu wetu, walimu mliotulea, wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu kwa ajili yetu, wahitimu wenzangu, na wadogo zetu mnaobaki: wakubwa wote shikamooni, wenzangu hamjambo.

Naomba radhi mapema. Sauti yangu ni ndogo, na nitasoma kwenye karatasi.

Nimepewa mada inayosema, "Simu na maisha ya vijana." Mwalimu wa taaluma aliponiita ofisini aliniambia, "Tumekuchagua wewe kwa sababu umetulia. Wewe simu haijakuharibu." Nikajibu, "Asante, mwalimu." Nilitakiwa kujibu kitu kingine.

Ni kweli, darasani nilikuwa kama bubu. Lakini kwenye kundi la darasa letu la kwenye simu, ndugu wageni waalikwa, mchekeshaji mkuu nilikuwa mimi. Niliyoshindwa kuyatamka kwa mdomo niliyaandika kwa kidole, watu wakacheka, nami nikajiona mtu kati ya watu. Je, niilaani simu iliyonipa sauti? Au niishukuru, baada ya haya ninayotaka kuwasimulia? Nimelifikiria jambo hili wiki mbili nzima, na bado sijui.

Kwa miaka minne nilikaa dawati moja na msichana ambaye tuliitana "jirani", mpaka wenzetu nao wakamwita hivyo. Yeye alikuwa wa kuongea, mimi wa kusikiliza. Mama yake ni fundi cherehani. Jumamosi moja, kwenye masomo ya ziada, ambapo tuliruhusiwa simu ili tusome mitihani iliyopita, jirani alipitiwa na usingizi. Mdomo wazi, shavu juu ya kitabu cha kemia, na kalamu imesimama mkononi kana kwamba anaendelea kuandika. Nikampiga picha. Nikaigeuza stika, vile vipicha vya kutumiana kwenye simu, nikaandika chini yake: "Nasoma kwa ndani."

Nilimtumia rafiki mmoja tu, nikamwomba asiseme imetoka kwangu. Kweli hakusema, aliituma tu. Kufikia jioni ilikuwa kwenye kundi, na zaidi ya rafiki huyo hakuna aliyejua aliyeitengeneza ni nani. Nani angenishuku mimi?

Na jirani? Alicheka kuliko wote. "Nyie, kumbe hata usingizini napendeza!" Akawa anaituma yeye mwenyewe. Mwalimu Mkuu alipopata habari akauliza nani ameitengeneza, tukanyamaza, akatuamuru darasa zima tuoshe madawati ya ukumbi huu siku tano. Jirani akiwa na brashi mkononi alilalamika, "Mimi ndiye niliyelala, na mimi ndiye ninayesugua! Haki iko wapi jamani?" Tulicheka mpaka povu likatuingia machoni. Mimi nilisugua madawati yangu na yake, nikadhani nimelipa.

Lakini stika ina miguu. Ilifika shule nyingine, ikafika hata kwa muuza vocha wa pale kona, ambaye siku moja alimkazia macho akasema, "Wewe si yule wa nasoma kwa ndani?" Siku ile jirani hakucheka. Maneno yake yakaanza kupungua. Muhula wa mwisho alikuja kwa mitihani tu, na karatasi zikishakusanywa alikuwa wa kwanza kutoka.

Nikawa namwandikia. Namsalimia, namuuliza hali, na mara moja, kwa mazoea, nikamtumia stika ileile. Naona aibu hata kulitaja. Kila mara nilijibiwa na kile kikatuni kinachocheka. Nikajiambia, anacheka, basi yuko salama.

Baadaye nikaenda kwao. Mama yake alikuwa kwenye cherehani. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nimekuja kumwona jirani, maana kwenye simu hanijibu kwa maneno."

"Marahaba mwanangu. Simu ninayo mimi, miezi miwili sasa. Wateja wananitumia vipimo."

"Sasa anayenijibu ni nani?"

"Ni mimi. Kuandika kunanishinda, basi nabonyeza kale kanakocheka. Mtoto wa watu akisalimia, si adabu kumnyamazia."

Halafu akasimamisha cherehani. "Hebu nieleze. Hii picha mnayorushiana, si ya ile Jumamosi? Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tunamalizia sare za wadogo zenu. Vifungo vyote alivishona yeye, hakulala kabisa. Nani aliyeipiga?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Ndugu wageni waalikwa, pale sikuwa na simu mkononi. Nilikuwa na mdomo wangu tu, na ndio uliodanganya. Wanasema simu zinatutenganisha. Mbona viwiko vyetu viligusana miaka minne, na sikuona kwamba mwenzangu amechoka? Ni yupi hasa mimi, yule jasiri wa kwenye kundi au huyu mwoga aliyesimama mbele ya mama wa mtu? Nilidhani nikifika jukwaani nitakuwa nimepata jibu. Sijalipata.

Ninalolijua ni moja. Mama, nimekuona safu ya tatu. Aliyempiga picha mwanao ni mimi. Mwalimu Mkuu, adhabu ile ilikuwa yangu peke yangu. Wenzangu, nisameheni.

Jirani, umekaa karibu na mlango, na nadhani najua kwa nini. Picha ilipigwa kutoka upande wangu wa dawati. Huenda ulijua tangu siku ya kwanza ukaninyamazia. Sijui kama ulicheka kwa furaha, au kwa sababu sote tulikuwa tunakutazama tukisubiri ucheke. Nimeandika mara nyingi nikuulize, nikafuta. Kwa hiyo nikishuka hapa nitakuja hapo ulipo, nikuulize kwa mdomo. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Ukitaka kutoka kabla sijafika, toka, sitakufuata.

Wageni wetu, namshukuru kila mmoja wenu kwa kunivumilia mpaka hapa. Ombi langu la mwisho ni dogo: naona simu nyingi zimeinuliwa. Tafadhali zishusheni mpaka nimfikie.

Asanteni kwa masikio yenu. Nashuka sasa.