Nani Atamfungulia Afisa Mlango?

Ndugu zangu, mmeniita hapa kanisani kwenu Rosettenville nishuhudie. Basi kaeni vizuri, sikuja kuwabembeleza.

Nilikuwa mlinzi wa ghala. Rafiki yangu Kasongo akaniambia, "Fungua geti tu, papa, yaliyobaki tuachie sisi." Nikafungua. Yeye akatoroka, mimi nikafungwa. Hilo ni langu, sitaki huruma.

Mwaka 2015 nikatolewa mapema kwa masharti: niwe na nyumba inayojulikana, na afisa wa magereza aje kunikagua humo. Mnaikumbuka ile Jumapili? Mlinipaka mafuta, mkakemea pepo la wizi, kina mama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa Bahati, huyo hapo mbele mwenye tai, akanyakua maikrofoni: "Ndugu yetu atakaa kwangu!" Haleluya zikatikisa mabati. Nawaambia, makofi yenu yangekuwa blanketi, nisingesikia baridi tena maishani.

Mwezi haukwisha. Mkewe alikuwa akificha rimoti ya televisheni kila nikiingia sebuleni. Halafu wakaja wageni kutoka Lubumbashi, godoro langu likatupwa uani. Afisa alipobisha, Bahati alimjibu pale mlangoni, mimi niko uani nasikia: "Hapana, mkubwa. Huyo hakai hapa. Simjui."

Simjui! Mzee mzima, Biblia kwapani.

Hivyo nikawa mvunja masharti. Nikalala bustanini, Joubert Park, namkimbia polisi, njaa inanitafuna. Nikavunja kioo cha gari lililosimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nikanyakua mkoba. Eish, sikufika mbali. Nikarudishwa ndani, na mchungaji wenu Elie akahubiri kwamba pepo langu ni sugu. Pepo gani, mchungaji? Nilikosa pa kulala!

Mara ya pili sikuwatafuta ninyi. Mama Mwanaidi, Mwislamu wa Tanga, mshonaji wa Troyeville, alikuwa akija gerezani kumwona mpwawe. Nikamwomba nikitoka nikae kwake. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mwenzangu, mie kutoa pepo sijui. Nina kachumba nyuma ya cherehani. Ukiniibia hata uzi, nakung'oa masikio."

Nikatoka, kwa masharti yale yale. Afisa akaja. Nilikuwa nashona vifungo. Nikangoja lile neno, "Simjui." Mama akaufungua mlango wote: "Anakaa hapa. Ingia, godoro lake lile. Na chai utakunywa."

Mkitaka kujua, hapo ndipo nilipookoka. Sijarudi ndani tangu siku ile.

Asante, Mama Mwanaidi, ingawa hawakukualika. Asante kwa afisa, alimaliza chai yote. Bahati, kwako sina asante. Tai ni nzuri.

Neno langu ni hili: msimuulize mtu ametubu vipi kabla hamjamuuliza atalala wapi. Na wewe kaka uliyekaa karibu na mlango, umetoka gerezani juzi, mfuko wako uko miguuni. Wakikushangilia leo, waulize nani atamfungulia afisa. Wakitazamana, beba mfuko wako tuondoke. Kwangu afisa atanikuta mimi mlangoni.